Shajara ya klabu ya kompyuta: kalamu kabla ya kibodi

Jumanne, 4 Februari

Muhula huu naandika kila tunachofanya. Mwaka jana nilifundisha kwa nguvu zangu zote, na mwaka ulipoisha sikuweza kusema ni kipi kilichowasaidia wanafunzi na kipi kilipita tu.

Klabu ina wanafunzi 26 wa kidato cha pili na cha tatu, na kompyuta 9 zinazowaka. Shule ni ya kutwa, hapa Tanga. Tunakutana Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja. Tunaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Ninalotaka kulishughulikia ni hili: nikiwapa swali, sijamaliza kulisoma na vidole vimeshafika kwenye kibodi. Mtu anaandika mstari, anauendesha, maandishi mekundu ya kosa yanatokea, anagusa hapa, anaendesha tena. Nusu saa baadaye ana mistari arobaini na hajui mstari wa kumi na mbili umekaa pale kwa kazi gani. Leo nilimuuliza mmoja programu yake inatafuta nini. Akanijibu, "Bado haijakubali, mwalimu." Nimerudi nyumbani na jibu hilo. Kwake yeye kuandika programu ni kuibembeleza mashine mpaka ikubali, na ikishakubali basi kazi imeisha, hata kama inatoa jibu la uongo.

Mradi wa muhula umepatikana. Kila baada ya mitihani mwalimu wetu wa taaluma hukesha na kikokotoo, akigeuza alama kuwa pointi na pointi kuwa divisheni. Tutamwandikia programu ya kufanya hesabu hiyo. Nimependa mradi huu kwa sababu ana shida ya kweli, na yuko ofisi ya jirani, anaweza kuulizwa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika ubaoni kanuni za Baraza la Mitihani kwa kidato cha nne, ambazo shule yetu inazifuata hata kwa mitihani ya ndani. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, 34 na 35 ni sifuri.

Wote wanazijua hizi kuliko wanavyojua tarehe zao za kuzaliwa. Nikawaambia kila kundi lilete chati mtiririko, yaani mchoro wa mpango wa hatua za programu, pamoja na programu ya kutoa daraja la somo moja, Alhamisi ijayo.

Alhamisi, 13 Februari

Chati zimekuja, safi, zimepigwa rula, nyingine zimepakwa rangi. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi.

Kisha nikaona kwenye programu ya kundi moja kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, kinachoitwa "almaa". Ni kosa la kuandika, walikusudia "alama", lakini Python haijali, mradi umekosea vilevile kila mahali. Nikaangalia chati yao. Ndani ya umbo la msambamba, kwa wino wa bluu, wameandika "almaa".

Nikawauliza bila ukali chati waliichora lini. Binti wa kidato cha pili akasema ukweli bila kusitasita: "Baada ya programu kukubali, mwalimu. Ulisema tulete vyote viwili." Nikauliza makundi mengine. Manne kati ya sita yalifanya hivyohivyo.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Kosa si lao. Niliomba mpango kama mtu anavyoomba risiti, nao wakanitafutia risiti. Mpango unaochorwa baada ya kazi haukumsaidia yeyote kufikiri, umesaidia tu kumridhisha mwalimu. Na kusema kweli, mimi mwenyewe chuoni nilifanya hivyo mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilichora lini.

Ninachohitaji ni kazi ambayo mpango ndio utakaowatoa, yaani ambayo bila mpango watakwama mahali watakapopaona kwa macho yao. Chati mtiririko naiweka pembeni kwa sasa. Atakayetaka kuchora achore, atakayetaka kuandika hatua kwa Kiswahili cha kawaida, moja, mbili, tatu, aandike. Umbo la mpango halinishughulishi tena.

Jumanne, 18 Februari

Umeme ulikatika saa tisa na dakika arobaini na haukurudi. Zamani ningewaruhusu waende nyumbani.

Niliwasimulia habari za mwanahisabati Ada Lovelace. Mwaka 1843 huko Uingereza alichapisha maelezo yake kuhusu mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, na ndani yake mna jedwali linaloonyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ile ingeweza kukokotoa namba za Bernoulli, mfululizo fulani wa namba katika hisabati: namba ipi inachukuliwa, inafanyiwa nini, jibu linawekwa wapi. Mashine yenyewe haikupata kukamilika. Alipanga kazi ya kitu ambacho hakikuwepo mezani. Kijana mmoja akauliza, "Sasa alijuaje kama amepatia?" Nikasema nadhani kwa kuifuata mwenyewe kwa kalamu, mstari kwa mstari, na ndivyo tutakavyofanya sasa hivi.

Tukafungua madirisha. Mwanafunzi mmoja akasimama mbele awe kompyuta. Sheria yake moja: afanye kilichoandikwa, asifanye alichokielewa. Mwenzake anamsomea hatua kutoka kwenye daftari, na wa tatu anaandika ubaoni jedwali la kufuatilia, lenye safu ya kila kigeu na safu ya jibu.

Kundi la kwanza lilikuwa limeandika hivi: kama alama ni 30 au zaidi, toa D, la sivyo kama ni 45 au zaidi, toa C, la sivyo kama ni 65 au zaidi, toa B, na kuendelea. Wakampa kompyuta alama 80. Akauliza, "80 ni 30 au zaidi?" Ndiyo. "Basi D. Nimemaliza." Akashusha mikono.

Darasa likalipuka. Wenye mpango wakasimama wakasema, "Hapana, endelea, kuna A chini!" Naye akakataa, akasema umeandika la sivyo, mimi nimeshapata. Kwa dakika nzima walibishana naye kama wanabishana na karani, mpaka binti aliyeshika chaki akaweka kidole kwenye safu ya jibu akasema taratibu, "Hata wa 100 atapata D. Wote waliofaulu watapata D." Kukawa kimya. Kisha wakaanza wenyewe kusema: tuanze na kubwa, tushuke.

Kosa hilohilo nimelisahihisha kwenye skrini za wanafunzi sijui mara ngapi. Nilikuwa nawaambia "geuza mpangilio", wanageuza, tunaendelea, na mwezi unaofuata wanalirudia. Leo wameliona likitoka kinywani mwa mwenzao.

Alhamisi, 20 Februari

Umeme upo. Nimefunga chumba cha kompyuta makusudi, tumekaa darasani. Walinung'unika. Tumefuatilia mipango ya makundi yaliyobaki, na makosa mawili yanayofanana na lile la Jumanne yakajitokeza.

Jumanne, 25 Februari

Leo mwalimu wa taaluma amekuja kuhojiwa. Niliwaambia mapema kila kundi liandae maswali matatu, na marufuku kumuuliza kuhusu kompyuta. Waulize kuhusu kazi yake.

Alikuja na kaunta buku lake la matokeo ya muhula uliopita, majina yamefunikwa kwa karatasi. Akawaonyesha mstari mmoja: Uraia C, Historia D, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza D, Baiolojia C, Hisabati F, Kemia D, Fizikia F. Akawaambia wakokotoe divisheni, kwa mkono. Nusu ya darasa walijumlisha yote tisa wakapata 33, divisheni ya nne. Waliochagua saba bora walipata 23, divisheni ya tatu. Kanuni ya saba bora nilikuwa nimeiandika ubaoni wiki tatu nyuma, wote wakaitikia kwa vichwa. Kuitikia kanuni na kuikumbuka mkono ukiwa kazini ni vitu viwili.

Halafu maswali. Haya ndiyo niliyoyanakili, maana kila moja lilibadilisha mpango:

"Mwalimu, aliyekuwa mgonjwa unamwandikaje?" Anaandikwa X, wala hapewi sifuri. Sifuri ni alama, X ni kutofanya. Makundi yote sita yalikuwa yamepanga kupokea namba tu.

"Na aliye na masomo sita?" Akafikiri. Akasema huyo hampangii divisheni mpaka amwone mwenyewe, programu isimpangie. Imwandikie tu kwamba masomo hayatoshi.

"Alama zako zina nukta?" Hili liliulizwa na kijana ambaye huwa hasemi, anayekaa karibu na dirisha. Mwalimu akasema ndiyo, somo likiwa na karatasi mbili huwa anachukua wastani, kwa hiyo 74.5 hutokea. Kijana akauliza, "Sasa 74.5 ni B au A? Kwenye kanuni B inaishia 74 na A inaanza 75." Mwalimu wa taaluma akacheka kwa furaha, akasema miaka yote hiyo nusu huwa anaipandisha na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. Nusu inapanda, iandikwe.

Nikiangalia nyuma, saa ile moja na nusu ilikuwa na thamani kuliko majuma yote matatu ya kabla. Nilikuwa nikifundisha kupanga kana kwamba ni jambo la mtu na karatasi yake. Sehemu kubwa ya mpango imo kichwani mwa mwenye kazi, na hutoka kwa kuulizwa tu. Mwalimu wa taaluma mwenyewe asingekumbuka kutuambia habari ya X, kwake ni kitu cha kawaida mno.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani imeanza, tumepunguza kipindi kiwe saa moja ili waliofunga wawahi nyumbani.

Leo hakuna kilichoandikwa isipokuwa majibu. Kila kundi limetengeneza jedwali la majaribio kwenye daftari: kushoto alama zitakazoingizwa, kulia jibu linalotakiwa, lililokokotolewa kwa mkono na kuthibitishwa na kundi jingine. Kisha jedwali linakuja mezani kwangu, nalifungia kabatini. Lengo ni kwamba programu ikitoa jibu tofauti, mtu asishawishike kubadilisha jibu lifanane na programu.

Niliwasisitizia mipaka: 75 na 74, 30 na 29, alama zenye nusu, X, masomo sita, masomo tisa. Kundi moja lilikuja na jambo ambalo sikulifikiria. Walitafuta mtu wa mwisho kabisa kuponea divisheni ya nne. Wakapata kwamba mwenye D mbili na F tano ana 8 jumlisha 25, yaani 33, ameponea. Mwenye D moja na F sita ana 34, amepata sifuri. Wakagundua pia kwamba C moja na F sita ni 33. Walitumia kipindi chote kwa hilo na niliwaacha, kwa sababu hao sasa wanaijua kanuni kwa ndani, pale inapokatika.

Alhamisi, 6 Machi

Kuchagua saba bora: hatua za Kiswahili. "Panga pointi kuanzia ndogo, chukua saba za mwanzo, jumlisha." Mstari mmoja, na umewachukua nusu saa kuufikia, kwani wengi walianza na "toa masomo mabaya" wakakwama kwenye mabaya mangapi. X inaondolewa kabla ya kupanga.

Jumanne, 11 Machi

Nimewafungulia kompyuta. Watatu kwa mashine moja, mmoja akiwa bila mashine kwa zamu, anashika daftari na kusoma hatua.

Makundi manne yalimaliza sehemu ya daraja kabla ya saa kumi. Maandishi mekundu yalikuwepo, ila ya aina nyingine. Kubwa lilikuwa kwamba "input" huleta maandishi, si namba, hivyo huwezi kuuliza kama "80" ni kubwa kuliko 75 mpaka uligeuze. Hilo ni jambo la lugha, si la fikra, na lilitatuliwa kwa dakika tano kwa sababu walijua wanatafuta nini.

Binti mmoja, mwepesi kuliko wote, hakuridhika na utaratibu wangu. Akaniambia yeye hufikiri vizuri akiwa anaandika kwenye mashine, karatasi inamchelewesha. Simlazimishi kusema vinginevyo. Nilimjibu aandike vipande vidogo vya kujaribu kadiri anavyotaka, lakini kipande kikishamfundisha kitu akifute, aandike alichojifunza kwenye daftari, ndipo aanze programu yenyewe. Amekubali, nadhani kwa heshima zaidi kuliko kwa kuamini.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kufungua kabati.

Kundi la kijana wa dirishani lilikuwa limeandika kila kitu kama lilivyopanga. Kwa nusu walitumia "round", amri ya Python ya kukadiria namba. Nikawapa jedwali lao. Wakaingiza 29.5. Ikatoka 30, daraja D, sawa na daftari. Wakaingiza 44.5. Daftari linasema C. Skrini ikaandika D.

Wakaingiza tena, polepole. D. Wakajaribu 64.5, daftari B, skrini C. 74.5, daftari A, skrini B.

Wa kwanza akasema, "Tumekosea sharti." Wakakagua masharti, yako sawa. Wa pili akasema labda jedwali ndilo lenye kosa, na hapo nikamwona kijana wa dirishani akiweka kiganja juu ya daftari. "Hapana. Mwalimu wa taaluma alisema nusu inapanda. Hapa ndipo pa ukweli." Yule binti mwepesi akaja kutoka kundi lake, akafungua dirisha jipya, akaandika mstari mmoja tu: onyesha round ya 44.5. Ikatoka 44. Ya 45.5: 46. Ya 29.5: 30. Ya 30.5: 30. Akaendelea mpaka zikajaa skrini, kisha akasema, "Inapeleka kwenye namba shufwa."

Ndivyo ilivyo. Python 3 ikikuta nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Ni njia halali ya kukadiria na ina sababu zake, kwani ukipandisha nusu zote, jumla ya namba nyingi huvimba. Lakini haikuwa njia ya mwalimu wetu wa taaluma. Kwetu ingewapandisha waliopata 29.5 na kuwashusha waliopata 44.5, 64.5 na 74.5, na hakuna maandishi mekundu ambayo yangetokea. Programu ingekubali.

Wamebadilisha: ongeza 0.5, kisha kata nukta. Majaribio yote yamepita.

Nilitoka nje kidogo ya chumba baada ya pale. Kama jedwali lisingeandikwa kabla, wangeona D kwa 44.5 wakaamini, kwa kuwa kompyuta imesema. Mtoto fulani angepoteza daraja lake na asijue.

Tumeongeza utaratibu mpya, na ni wao walioupendekeza: amri yoyote ambayo mpango unaitegemea ijaribiwe peke yake kwanza, kwa namba za mpakani, na matokeo yaandikwe daftarini. Kwa hiyo binti yule alikuwa na haki yake, na nimemwambia mbele ya wenzake.

Jumanne, 25 Machi

Mitihani ya katikati ya muhula imesahihishwa. Programu iliyotumika ni ya kundi la kijana wa dirishani, pamoja na sehemu ya X kutoka kundi jingine, walioiandika vizuri zaidi. Mwalimu wa taaluma aliingiza matokeo ya kidato cha tatu, mkondo mmoja, kisha akachagua wanafunzi kumi akawakokotoa kwa mkono. Kumi wote wamelingana. Mikondo miwili iliyobaki ataiingiza kesho.

Kasoro moja imejitokeza: mtu akiandika x ndogo badala ya X kubwa programu inasimama. Hakuna aliyelipanga hilo, mimi pia sikulifikiria. Limeingizwa kwenye jedwali.

Kundi moja halijamaliza. Kila wiki lilikuja na mpango mpya mzuri kuliko wa wiki iliyopita na halikugusa kibodi mpaka mwisho. Niliwachelewa. Mpango wao ulikuwa tayari tarehe 6 Machi na nilipaswa kuwaambia inatosha.

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu wa taaluma ameomba programu itoe pia nafasi ya kila mwanafunzi darasani. Wakauliza wawili wakifungana nafasi ya tatu, anayefuata ni wa nne au wa tano. Akasema wa tano. Wakauliza wanapangwa kwa divisheni, kwa pointi au kwa wastani wa alama zote, na mwenye X anaingia kwenye mpangilio au anakaa nje. Akasema hilo la X inabidi amuulize mkuu wa shule, ataleta jibu baada ya likizo. Kazi imesimama hapo, ukurasa wa 31 wa daftari la klabu, na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.